Nipulize filimbi kwenye eneo la mwenzangu, au ninyamaze?

Safu hii huandikwa na mama aliyekuwa refa wa mpira wa kikapu kwa miaka mingi. Hupokea barua za marefa, makocha na wachezaji. Majina ya waandishi hufichwa.

Barua

Mama,

Nakusalimu kutoka Kondele, Kisumu. Mimi ni kijana wa kiume. Siku za kazi nauza katika duka la vifaa vya ujenzi, na wikendi huwa refa. Nilifanya kozi nikafaulu, na tangu hapo nimekuwa nikiitwa kusimamia mechi za shule na za vilabu vidogo hapa Kisumu, Maseno, Vihiga, na mara nyingine Kakamega. Tunapangwa wawili wawili. Marefa watatu uwanjani huku kwetu tunawaona kwenye runinga.

Shida yangu inahusu mwenzangu ninayepangwa naye mara kwa mara. Si mtu mbaya. Ni mzee ninayemheshimu, na ndiye aliyenifundisha mahali pa kusimama na jinsi ya kutoa ishara mezani, kwa waandishi wa alama, pasipo haraka. Namwita Mzee tangu siku ya kwanza na sina mpango wa kubadilisha.

Mwanzoni mwa muhula tulisimamia mechi ya wasichana wa sekondari. Mimi nilikuwa treli, nimebaki nyuma ya mchezo, na Mzee alikuwa lidi, chini ya kikapu kwenye mstari wa mwisho. Msichana mmoja akapokea mpira karibu na Mzee, akageuka kutupa, na beki akamgusa mkono. Niliona, nikapuliza. Mzee hakuwa amepuliza. Tulipokuwa tukipanga wachezaji kwa mitupo huru alinijia akaniambia, na hakunong'ona: "Kijana, kila mtu alime shamba lake." Wasichana walisikia. Mmoja alicheka. Kocha wa upande wa pili alipata la kusema mpaka mechi ikaisha.

Sasa sikia ya pili. Ilikuwa Kakamega, wavulana, robo ya nne, dakika ya mwisho, timu moja inaongoza kwa pointi moja. Timu iliyo nyuma ikampa mpira mvulana wao mrefu aliyekuwa ameweka posti, yaani amesimama karibu na kikapu, upande wa Mzee. Alianza kwa kukipa kikapu mgongo, akageuka kuelekea mstari wa mwisho, kifua chake kikatazamana na Mzee. Beki akabaki nyuma yake. Alipoinuka kutupa, beki alimwekea mkono wa chini mgongoni, toka kwenye kiwiko hadi kwenye kiganja, akasukuma. Mimi nilikuwa naona nafasi kati yao wawili, nikaiona ikizibika, kisha mvulana akaruka mbele hadi kwenye mguu wa nguzo, viganja vyote viwili kwenye saruji. Mpira uligonga chuma ukatoka. Filimbi nilikuwa nayo mdomoni. Nikamtazama Mzee. Kimya. Ribaundi ikachukuliwa na wale wanaoongoza, muda ukaisha.

Kocha wa walioshindwa hakwenda kwa Mzee. Alinijia mimi, akaniuliza, "Na wewe pia hukuona?" Sikumjibu. Kwenye matatu, tulipofika Chavakali, Mzee aliniuliza mbona nimenyamaza. Nikasema ni uchovu.

Nimewauliza marefa wenzangu. Mmoja anasema usiguse kamwe eneo la mwenzako, mwamini. Mwingine anasema refa ni refa, uwanja wote ni wako. Mama, nimshike yupi? Na nikitaka kuzungumza na Mzee nianzie wapi, asije akaniona mtoto aliyeota pembe?

Wako,
Filimbi Mdomoni, Kisumu

Jibu

Mwanangu,

Ile ya Kakamega ilikuwa ya kupuliza. Ile ya wasichana ilikuwa ya kuacha. Na Mzee alikuwa na haki ya kukusahihisha kwa ile ya wasichana, ila hakuwa na haki ya kufanya hivyo mbele ya watoto waliopanga mstari wakisubiri mitupo. Nimetangulia kusema hukumu yangu ili usisome barua nzima ukitafuta niko upande wa nani. Sasa tuzungumzie sababu, kwa kuwa wale wenzako wawili uliowauliza wamekupa misemo, na msemo hausaidii mpira ukiwa hewani.

Tuanze na hayo maeneo yenyewe. Vijana wengi hufundishwa kwamba uwanja umegawanywa, hii yako, ile ya mwenzako, kisha wanaanza kuyalinda maeneo kama mipaka ya ploti. Mgawanyo huo haukuwekwa kusema nani ana mamlaka wapi. Uliwekwa kusema nani aangalie wapi. Uwanjani kuna wachezaji kumi na jozi mbili za macho. Mkiangalia nyote wawili mpira, wachezaji wanane au tisa wanabaki bila mtu, na hapo ndipo viwiko huanza, jezi huvutwa, na mtoto mmoja hulipiza kisasi cha kitu ambacho hakuna refa aliyekiona.

Wazo la kugawana kazi ni la zamani kama mchezo wenyewe. James Naismith alipoandika kanuni zake 13 kule Springfield, Massachusetts, mwaka 1891, tayari aliweka waamuzi wawili: mmoja awaangalie wachezaji na kuhesabu faulo, mwingine auangalie mpira, aseme umetoka au haujatoka, ni wa nani, na aweke muda. Yaani mtu mmoja na watu, mtu mmoja na mpira. Leo mgawanyo ni wa sehemu za uwanja na wa awamu za mchezo, lakini nia haijabadilika. Na jozi mbili za macho hazijawahi kutosha. NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, walijaribu marefa watatu msimu wa 1978–79, wakarudi kwa wawili, kisha kuanzia msimu wa 1988–89 wakaweka watatu moja kwa moja. Wana kamera kila kona na bado walimhitaji wa tatu. Wewe na Mzee mko wawili kwenye uwanja wa saruji wenye mistari ya netiboli, ya voliboli na ya kikapu iliyopakwa juu ya nyingine. Yapo ambayo hamtayaona hata mkifanya kila kitu sawasawa.

Kiini cha swali lako ni hiki: kimya cha mwenzako kina maana mbili. Mzee asipopuliza, huenda ameona, amepima, ameamua kwamba mguso ule haukumnyima mchezaji chochote. Au hajaona kabisa, kwa sababu kuna mwili mbele yake. Kimya cha kwanza ni uamuzi. Kimya cha pili ni pengo. Kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, zinasema wazi kwamba kila mwamuzi ana uwezo wa kuamua ndani ya mipaka ya kazi yake, na hakuna mwamuzi mwenye mamlaka ya kupuuza au kuhoji uamuzi wa mwenzake. Soma vizuri: uamuzi. Mtu aliyezibwa hajaamua kitu.

Rudi kwenye mechi ya wasichana. Unasema mpira ulikuwa karibu na Mzee, na hutaji mtu yeyote aliyesimama kati yake na ule mguso. Alikuwa na nafasi wazi. Aliona mkono ukigusa mkono, akaona haukuharibu kitu, akaachilia. Huenda ungeamua tofauti kama ungekuwa pale, na huenda hata mimi ningepuliza. Lakini kimya chake kilikuwa uamuzi, nawe ulitoka mbali ukaufuta mbele ya watu.

Kakamega ni kisa kingine kabisa, na wewe mwenyewe umenipa ushahidi bila kujua. Umesema kifua cha mshambuliaji kilitazamana na Mzee na beki alikuwa nyuma. Basi chora picha hiyo kwenye karatasi: Mzee, kisha mshambuliaji, kisha beki, wote kwenye mstari mmoja. Alichokiona Mzee ni mvulana mrefu akija mbele. Ule mkono hakuuona. Hangeweza kuuona hata angekuwa na macho ya tai, kwa kuwa kuna mgongo mzima katikati. Anayeweza kuona mguso wa nyuma ni yule aliye kando, anayeiona nafasi kati ya miili miwili, na huyo ulikuwa wewe. Ndiyo maana treli hufundishwa kuangalia misukumo ya nyuma wakati wa ribaundi: lidi aliye chini ya kikapu huona vifua, wa nyuma huona migongo. Na shuti inapotoka, kuruka kwa mpira na kikapu chenyewe ni kazi ya treli, kwa hiyo hakuna atakayekuuliza macho yako yalitafuta nini pale.

Swali hilo la mwisho huwa naliuliza kwanza kwa kawaida, na ningependa ujiulize kila mara: nilipokuwa naangalia kwa mwenzangu, kwangu kulikuwa na nani? Refa anayeona faulo nyingi upande wa mwenzake kwa kawaida ni refa anayefuata mpira kwa macho. Anaona mengi kwa sababu ameyaacha yake. Mpira ukiwa posti kwa Mzee na bado haujatupwa, kazi yako ni wale walio upande wa pili, wanaokata, wanaowekeana skrini ili kumzuia beki kwa mwili, wanaosukumana wakitafuta nafasi ya ribaundi. Ukigundua katika mechi moja umepuliza kwa mwenzako mara tatu nne, usijisifu macho. Anza kuuliza nani alikuwa na wachezaji wako.

Sasa kiasi cha uhakika. Kwenye eneo lako, ukiwa na uhakika wa kawaida, puliza, ndiyo kazi. Kwa mwenzako unahitaji uhakika wa kiwango kingine. Kipimo changu ni meza. Je, naweza kutembea hadi mezani nikasema namba ya aliyekosa, alitumia nini, alimgusa wapi, na ilikuwa kabla ya shuti au baada? Kama unaweza kusimulia kuanzia mwanzo, puliza. Kama unachoweza kusimulia ni jinsi mtoto alivyoanguka, acha. Kuanguka si ushahidi. Watoto wa shule huanguka kwa uchovu, kwa raba zilizoisha soli, na kwa vumbi la murram linaloletwa na viatu vya watazamaji. Sauti pia si ushahidi. Kofi la mpira na kofi la mkono, ukiwa mbali, masikio hayatofautishi.

Na kuna ukubwa wa jambo lenyewe. Usivuke uwanja kwa ajili ya kitu kidogo. Mguso mdogo kwenye eneo la mwenzako ukiachwa, mechi inaendelea na hakuna atakayeukumbuka. Mtoto akisukumwa mgongoni akiwa hewani, akafikia viganja kwenye saruji hatua moja kutoka kwenye nguzo, hilo ni la usalama kabla halijawa la pointi. Wengine watakwambia dakika ya mwisho refa hapaswi kuamua mechi. Mimi sijawahi kuelewa hoja hiyo. Kutopuliza nako kuliamua mechi, sema tu upande wa pili. Kilicho muhimu ni kwamba kama mguso huo ungekuwa faulo katika robo ya kwanza, basi ni faulo sasa, na kama mliuachilia robo tatu nzima, msianze kuupuliza wakati wazazi wamesimama.

Kuhusu wakati wa kupuliza, jifunze kuchelewa. Nasema kweli. Ukiona jambo kwa mwenzako, mpe nafasi kwanza. Vuta pumzi moja fupi, mchezo ufike mwisho wake, mtazame. Akipuliza, yako inabaki mdomoni na hakuna aliyejua kitu. Asipopuliza, na umeona ana mwili mbele yake, puliza kwa nguvu na uende. Filimbi itatoka imechelewa kidogo na benchi moja litapiga kelele, "Refa, ulikuwa wapi!" Waache. Filimbi ya refa wa pili ikisikika mapema kuliko ya mwenye eneo, hiyo ndiyo inayotia shaka, kwa sababu inaonyesha hukumpa nafasi.

Lipo eneo ambalo hata wazoefu hugongana, nalo ni mchezaji anayepenya. Anaanza juu, kwako, anachenga beki wake, anaingia ndani kabisa hadi chini ya kikapu kwa Mzee. Ni wa nani? Desturi nzuri ni kwamba aliyeanza naye anamaliza naye: wewe umemwona tangu mwanzo, umeona beki wake alivyokuwa, umfuate hadi mwisho hata akivuka mstari wowote. Mzee amshike beki wa pili, yule anayekuja kusaidia kutoka chini ya kikapu, kwa sababu yeye ndiye aliyemwona akisimama au akichelewa kusimama. Hii si "kuingilia". Ni mpangilio. Lakini usiposemwa kabla ya mechi, mtapuliza wote wawili, na hapo ndipo fedheha hutokea: mmoja anaonyesha bloku, yaani faulo ya beki, mwingine anaonyesha chaji, yaani faulo ya mshambuliaji, mikono miwili inasema mambo mawili mbele ya shule mbili.

Dawa ya filimbi mbili ni ngumi juu na mdomo kufungwa. Kila mmoja anainua ngumi, anasimamisha saa, anamtazama mwenzake kabla ya kuonyesha ishara yoyote. Aliye na eneo anachukua. Mwingine anashusha mkono na kwenda kuwaangalia wachezaji, maana baada ya faulo ndipo maneno huanza. Kama uliona kitu kilichotangulia, tuseme mchezaji alitembea na mpira kabla ya kuguswa, sogea, mwambie kwa sentensi moja, "Nina kutembea kwanza," mkubaliane, mtoke. Msisimame mkijadiliana kama kamati. Mkishindwa kukubaliana, mwamuzi mkuu ndiye mwenye neno la mwisho, kanuni zimempa hilo.

Mpira uliotoka nje ni rahisi zaidi na sitakaa hapo. Lidi ana mstari wa mwisho na mstari wa pembeni ulio kushoto kwake, treli ana mstari wa kati na wa pembeni ulio kushoto kwake. Mwenye mstari asipojua nani aligusa mwisho, amtazame mwenzake, na mwenzake ampe ishara ndogo mliyokubaliana. Mkiwa na shaka nyote, au mkitofautiana, ni hali ya mpira wa kurushwa, na mshale ulio mezani, unaoonyesha zamu ni ya timu ipi, utasema ni wa nani. Sijui kwa nini marefa wa shule wanaona aibu kuutumia mshale huo.

Ngumi, mateke, matusi, kiwiko cha makusudi, mchezaji wa akiba aliyeingia uwanjani: hayo hayana eneo. Aliyeona anapuliza.

Sasa makocha. Kocha mjanja akishaona umevuka mara moja, atakugeuza ofisi ya rufaa. Kila mguso kwa Mzee atakuita wewe: "Refa, umeona hiyo? Mwambie mwenzako!" Unapojibu, usiseme "Hiyo si yangu," kwa kuwa umemwachia Mzee peke yake. Usiseme pia "Hata mimi niliona," kwa kuwa umemuuza. Sema, "Mwenzangu alikuwa na nafasi nzuri kuliko mimi," ikiwa ni kweli, na uendelee na kazi. Yule wa Kakamega aliyekuuliza kama nawe hukuona, kutomjibu kulifaa. Mkikutana tena msalimie kama kawaida. Usimfuate kumweleza ulichokiona, hata akikununulia soda. Mechi imekwisha, matokeo hayabadiliki, na neno lako litafika kwa Mzee kabla hujafika Kiboswa.

Tumefika kwa Mzee mwenyewe. Vizuri kwamba hukuzungumza naye kwenye matatu. Barabara ya Kakamega hadi Kisumu ni fupi na imejaa masikio. Kiti cha nyuma yako kinaweza kuwa na shangazi wa yule beki. Isitoshe, mtu aliyetoka kuzomewa hasikii hoja. Lakini usiiache ikae miezi, maana utaanza kumwangalia vibaya uwanjani, na macho hayana pazia, ataona.

Usianze na Kakamega. Ukianza na Kakamega utakuwa umemwambia mzee wako kwamba alipitwa na faulo mbele ya watu, na kila utakalosema baadaye litakuwa la kujitetea kwake. Anza na mechi ijayo. Fika mapema, kabla wachezaji hawajaanza kupasha misuli. Zungukeni uwanja pamoja, mkubaliane mstari upi ni wa pointi tatu, maana FIBA wanautaka mita 6.75 na mafundi wa shule huupaka wapendavyo. Mkishafika chini ya kikapu, simama pale anaposimamaga yeye na umuulize: "Mzee, nikiwa treli nikaona mtu anasukumwa mgongoni na wewe umezibwa, ungependa nifanye nini?"

Kisha nyamaza, mwache ajibu. Swali hilo halimshtaki kwa lolote. Linamwomba aweke utaratibu, na mtu aliyekufundisha ishara mezani hatakosa jibu. Nina hakika karibu kamili atasema, "Kama ni kubwa na mimi sioni, puliza." Wengi wao husema hivyo wakiulizwa mapema. Wanachochukia ni kushtukizwa. Akishasema, mrudishie: "Na wewe ukiniona nimezibwa huku juu, nisaidie, tafadhali." Kwa maneno hayo msaada unakuwa wa pande mbili, wala si kijana anayemchunga mzee. (Kando kidogo: mtazame Mzee mechi mbili tatu zijazo. Marefa wanaosema kila mtu alime shamba lake, mara nyingi jembe lao hulikuta kwenye shamba la jirani. Ukiliona hilo, liweke moyoni. Litakufanya umchukulie kwa upole, usilitumie kama silaha.)

Na lile la kukusahihisha mbele ya wachezaji, liombe pia, kwa lugha ya mtoto kwa mzazi: "Mzee, nikikosea niite wakati wa taimauti unielekeze, ili kocha asipate mlango wa kutugawanya." Umeona? Sababu si kwamba uliumia, ingawa uliumia. Sababu ni timu yenu, wewe na yeye. Mzee mwenye uzoefu anaielewa hiyo haraka.

Huenda akakataa. Wapo wanaoamini kweli kwamba filimbi ya mwenzake upande wake ni tusi, hata awe amezibwa na wachezaji wanne. Basi heshimu hilo kwenye mambo madogo yote, usivuke hata kwa sentimita, na uvuke tu kwa yale ya usalama na ya ugomvi, ambayo hayahitaji ruhusa ya mtu. Yakizidi, mwombe anayepanga marefa akupange na mwingine kwa mechi kadhaa. Mwambie unataka kujifunza kwa watu tofauti, jambo ambalo ni kweli, na usitaje jina la Mzee.